Mwezi wa Upande wa Kushoto

Mume wangu Fumo ana tabia moja inayonichosha kuliko zote: hawezi kuliacha jambo lililokwisha. Ukimwambia chai imepoa, atakueleza kwa nini imepoa, na hata ukishainywa ataendelea kueleza. Watu wa mtaa wetu wa Shela hapa Malindi humwita Mwalimu, maana wengi wao aliwafundisha hesabu katika skuli ya sekondari mpaka alipostaafu. Mimi ni Hadiya, mkewe, na tangu nilipoolewa nimeishi na mwanamume pamoja na ubao. Ubao wenyewe ulitupwa na skuli, akauokota, akautundika ukumbini, pale ambapo mwanamke mwingine angeweka kabati la vyombo.

Ubao ule ni wa mwezi. Kila mwezi unapokaribia kuandama, Fumo hushika chaki akapiga hesabu zake: jua litazama saa ngapi, mwezi utakuwa juu kiasi gani, utakuwa kushoto mwa jua au kulia. Mwisho huchora. Huchora duara la jua, mstari wa nchi, na kikucha chembamba cha mwezi mahali hasa utakapokuwa. Wageni wakiingia hudhani tuna mjukuu anayejifunza kuchora.

Asiyeishi pwani huenda asiielewe shida yangu. Kwetu Ramadhani haimalizwi na kalenda. Jioni ya ishirini na tisa watu hupanda madarini wakatazama upande wa minazi ya Ganda, maana Malindi jua huzama bara, halizami baharini. Mashahidi wawili waaminifu wakiuona mwezi, kesho yake ni Idd. Usipoonekana, tunatimiza thelathini. Kati ya adhana ya magharibi na habari hiyo ndipo mwanamke anapoumia. Nyama iko jikoni, nazi hazijakunwa, nawe hujui unapika daku au unapika sikukuu. Kadii, anayetuletea maziwa kutoka Ganda, huniuliza kila mwaka, "Mama, ya sikukuu nilete kesho ama kesho kutwa?" Nami humjibu kila mwaka, "Uulize mwezi." Yeye hunyoosha shingo akachungulia ukumbini. "Si mnao humo ndani, ukutani?" Kisha hucheka peke yake mpaka mlangoni.

Fumo yeye haoni shida. Kwake yeye mwezi upo, uonekane usionekane. Imani hiyo aliipata ujanani. Kwao ni Faza, na baba yake alihamia Malindi wakati wa vurugu za mashifta. Alipokuwa mwalimu mpya, bado ndevu hazijajaa, aliwatangazia wanafunzi wake kwamba jua litapatwa, akawapa na saa yake. Walimu wenziwe walimcheka. Siku ilipofika, saa ile ile, giza likaingia mchana, kuku wakarudi bandani, na mwalimu mkuu akasimama uani amenywea. Fumo amenisimulia kisa hicho mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. "Niliandika kwa kalamu, chumbani, mlango umefungwa," husema. "Na jua likafuata. Halikuniuliza kitu." Tangu hapo aliamini kwamba hesabu na dunia ni kitu kimoja, na kwamba sisi wanadamu, na macho yetu na maoni yetu, tumesimama mlangoni tu tunazuia watu kupita.

Sasa mchukue mtu wa aina hiyo umpeleke msikitini jioni ya ishirini na tisa. Imamu wetu ni Ustadh Mujahid, kijana mpole aliyekuwa mwanafunzi wake. Kila mwaka penye mawingu Fumo humwendea akamwambia mwezi upo nyuma ya mawingu, hesabu imethibitisha.

"Mwalimu, hatukukadhibishi," Mujahid humjibu. "Lakini dini imetaka jicho. Umeuona?"

"Sikuuona, lakini upo."

"Basi bado, Mwalimu wangu."

Watu hucheka. Walishaupa na jina mwezi wake, wakauita mwezi wa chaki. Fumo hurudi nyumbani, akala daku kana kwamba anakula mchanga. Si Idd iliyokuwa ikimkera. Alichotaka ni kwamba, mara moja tu kabla hajafa, asimame msikitini aseme neno kuhusu mwezi na neno lake lipokewe. Nililijua hilo kama ninavyojua chumvi ya mchuzi wangu, na nilimwonea uchungu, ingawa nilikuwa nimechoka naye.

Ramadhani hii iliyopita, jioni ya ishirini na tisa, alikuja kufuturu nasi ndugu yangu Zayd. Zayd ni fundi wa kushona kanzu, na kazi yake ya pili ni kumchokoza shemeji yake. Walipokwisha kula tende walipanda darini, nami nikawafuata na birika la maji. Upande wa kulia wa mahali jua lilipozama lilikuwa limesimama wingu zito, jeusi, kama godoro lililoroa. Kushoto palikuwa na mwanya mweupe. Fumo alinyoosha mkono akapima kwa vidole, kama alivyozoea.

"Hesabu yasema kushoto, vidole vitatu," akasema. "Pale, juu ya ule mnazi uliokatika kichwa."

"Mimi naona mnazi tu, shemeji," alisema Zayd. "Lakini lisemwalo lipo, ikiwa halipo li njiani."

Nilinusa wali unaungua, nikashuka mbio. Nilikuwa ningali nikikwangua sufuria niliposikia mguno wa Fumo kule juu, mguno wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Ule! Zayd, ule!" Halafu kimya. Halafu sauti ya Zayd, haina mzaha hata chembe: "Ee! Wallahi ule! Mwembamba kama uzi!" Kabla sijafika ngazini walikuwa wamenipita, wazee wawili wamekunja kanzu, wanakimbilia msikitini na viatu vya huyu kavaa huyu.

Ustadh Mujahid aliwahoji mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, kama ilivyo ada. Aliwauliza ulikuwa juu ya nini na pembe zake zilielekea wapi, na umbo lake likoje. Wakala kiapo. Maneno yao yalilingana kama nguo iliyokatwa pamoja. Akawapokea, na baada ya punde takbira zikaanza kwenye kipaza sauti, watoto wakatoka na masinia wakiyapiga mtaa mzima. Baadaye zikaja habari kwamba umeonekana Kizingitini, na Tanga pia. Fumo alirudi nyumbani macho mekundu. "Wamenipokea, Mama Widad," aliniambia.

Siku ya Idd nyumba yetu haikupata nafasi ya kufagiwa. Watu waliokuwa wakimcheka walikuja kumpa mkono wa Idd. Mujahid mwenyewe alikula biriani yangu, akamwomba Fumo aingie katika kamati ya mwezi, awafundishe vijana pa kutazama. Mimi sitaki kusema uongo: nilifurahi. Nilipita kwa majirani na sahani zangu za kalimati, nikaenda taratibu makusudi ili nisimamishwe njiani. Miaka yote nilikuwa mke wa mwezi wa chaki, na siku hiyo moja nilikuwa mke wa shahidi.

Jioni yake tulipanda darini na kahawa. Mbingu zilikuwa safi. Fumo alitaka kuutazama mwezi wake kwa starehe sasa, bila haraka. Alinyoosha mkono kushoto akapima kwa vidole, akatulia. Akapima tena.

"Baba Widad," nikamwambia, "mwezi ule kule."

Ulikuwa kulia, umekaa juu ya paa la jirani, wazi kabisa, kila mtu angeuona. Fumo aliutazama, akavitazama vidole vyake, akashuka bila kunywa kahawa. Nilimkuta mbele ya ubao anafuata hesabu kwa ncha ya kidole, mstari kwa mstari. Akasimama mahali pamoja.

"Nimesahau alama ya kutoa," akasema. "Hapa. Kialama kidogo hiki. Ilikuwa uwe kulia, mimi nikaupeleka kushoto."

"Basi kirekebishe, tukanywe kahawa."

"Hadiya, jana pia ulikuwa kulia. Ulikuwa nyuma ya lile wingu."

"Si ulikuwapo, lakini? Si umeonekana Kizingitini? Tatizo ni nini?"

Alinigeukia, na uso wake ulinitisha. "Mimi nimeuona kushoto."

Nikamwambia labda ni wingu. Akasema wingu halina pembe mbili zilizotazama juu. Nikamwambia labda ni ndege ya Mombasa. Akanijibu kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko ukali wake, kwamba aliuona mwezi, mwembamba, umelala chali juu ya mnazi ule, na kwamba hata sasa akifumba macho anauona. "Niliona nilichokiandika," akasema. "Umri wangu wote nasema mwezi hauhitaji jicho. Kumbe jicho nalo halihitaji mwezi."

Nilikasirika. Nawaomba mnielewe. Mwezi ulikuwapo, Idd ilikuwa Idd, watu wameshakula na sahani zimeshaoshwa, na mume wangu kwa mara ya kwanza amepata alichokililia maisha yake yote. Nani angejua kama asingesema? "Ulipatia," nikamwambia. "Nyamaza, ushukuru Mungu."

"Sikupatia. Nimeapa kwamba nimekiona kitu ambacho sikukiona."

Asubuhi yake alikwenda dukani kwa Zayd, nami nikamfuata nikiwa na hofu ya kitakachosemwa. Zayd alikuwa kwenye cherehani yake, futi ya kupimia imemning'inia shingoni. Fumo alimuuliza mwezi aliuona wapi.

"Juu ya mnazi uliokatika kichwa. Si ulinionyesha mwenyewe?"

"Pale haukuwapo, Zayd."

"Haukuwapo vipi, nami niliuona?"

"Uliuona kwa sababu nilikuonyesha."

Zayd aliacha kukanyaga cherehani. "Shemeji, waniita mwongo?"

"Nakuita kama mimi."

"Usiniite kama wewe!" Zayd alisimama, na sikuwa nimewahi kumwona ndugu yangu akimfokea mume wangu. "Macho haya yatunga uzi kwenye sindano bila ya miwani. Nimeuona mwezi, nimeuapia, na sitaufuta kiapo changu kwa ajili ya chaki yako. Wazee husema mwenye macho haambiwi tazama. Nenda zako!"

Tulirudi nyumbani kila mmoja na kando yake ya barabara. Nilikuwa nikiufikiria msemo ule wa Zayd, na kadiri nilivyoufikiria ndivyo ulivyozidi kuniudhi. Yeye aliambiwa tazama, na alipoambiwa ndipo alipoona.

Usiku kucha na mchana wake nilimsihi Fumo asilipeleke jambo hilo msikitini. Nilimwambia atamvunjia heshima Zayd na mimi pia. Nilimpikia samaki wa kupaka, nikamtajia jina la marehemu mama yake. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi asiyesikiliza. Ijumaa ilipofika alivaa kanzu yake nyeupe, akaniomba radhi mlangoni, akatoka.

Sikuhitaji kusimuliwa yaliyopita. Baada ya sala walikuwa hawajazima kipaza sauti, na mtaa mzima ulimsikia mume wangu. Mimi nilikuwa uani naanika nguo, na Kadii amekaa kwenye kizingiti na galoni lake la maziwa.

"Jioni ile mimi sikuuona mwezi," Fumo alisema. "Mwezi ulikuwapo na Idd yenu ni sahihi. Lakini nilichokiona mimi hakikuwa mwezi. Naomba ushahidi wangu ufutwe."

"Mwalimu," ilisikika sauti ya Mujahid, "mwezi ulikuwapo?"

"Ulikuwapo."

"Nawe ulisema upo?"

"Nilisema nimeuona."

"Basi umesema kweli, Mwalimu wangu. Keti."

"Si kweli, Mujahid! Imetokea tu kulingana!"

Nikasikia kicheko cha chini, kile kile cha miaka yote, lakini safari hii kilikuwa na huruma ndani yake, na huruma ndiyo iliyonichoma. Mtu mmoja akasema, "Utu uzima huo, msimtese mzee." Kipaza sauti kikazimwa. Kadii aliniangalia. "Mama, kwani ameona nini?" akauliza, nami nikamfokea bure, maskini, nikamwambia anipimie maziwa aende zake.

Hasira yangu ilikuwa haijui pa kutua. Nilikuwa nimemkasirikia Fumo, lakini sasa nikawakasirikia na wao. Alipokuwa sahihi bila ya kuona, walimwambia bado. Alipoona bila ya kuwa sahihi, wanamwambia keti. Mujahid aliyetaka jicho, jicho, kila mwaka jicho, leo anatosheka na kwamba mwezi ulikuwapo. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali lake alivyoliuliza yeye: je, nilichokiona ni nini, na kama kile kilikuwa kimetoka kichwani mwangu, mangapi mengine niliyoyaona yametoka humo humo? Nami pia sikuwa nimemuuliza. Nilimpa samaki wa kupaka.

Kamati ya mwezi haikutajwa tena. Zayd hakukanyaga kwetu. Binti yetu Widad alikuja kutoka Kilifi, akamchukua baba yake kwa daktari wa macho, wakarudi na habari kwamba macho yake ni mazima kwa mtu wa umri wake. Nilitamani aambiwe ana mtoto wa jicho. Ugonjwa una dawa, na mtu akikuuliza una la kumjibu. Fumo alikaa mbele ya ubao siku nyingi bila kuandika, amekunja mikono. Nikawa naona afadhali ile chai iliyopoa na maelezo yake.

Kisha mwezi wa Mfungo Pili, ule wa pili baada ya Ramadhani, ukakaribia, na nikamwona ameshika chaki tena. Alipiga hesabu polepole, akazipitia upya, kila alama akiigusa. Alipomaliza kuchora aliniita.

"Mimi sitapanda," akasema. "Najua pa kutazama, na nikijua nitaona, uwepo usiwepo. Panda wewe. Wewe hesabu hujui, jicho lako ni safi. Ukiuona, njoo uniambie ulikuwa wapi, nami nitalinganisha na ubao."

"Na usipokuwapo?"

"Uniambie hukuuona. Wallahi nitafurahi vilevile." Alikuwa na haya kidogo, kama mtu anayeomba kukopeshwa. "Nataka kujua kitu kimoja tu, Hadiya. Kwamba hesabu iko hapa, mwezi uko kule, na mtu aliye katikati aweza kuuona bila ya kuutunga. Nikilijua hilo sitakusumbua tena."

Nilikuwa nimechoka kumtazama akikunja mikono. Nikakubali. Akaniomba niufunike ubao, jicho langu lisije likaangukia pale nikipita, akaenda zake uani kutawadha. Nikachukua leso yangu moja, nikaufunika, nikaingiza pembe zake nyuma ya mbao vizuri, nikaenda kuangalia jiko.

Jua lilipozama nilipanda darini peke yangu. Hapakuwa na wingu. Nilisimama nikazungusha macho taratibu, kushoto mpaka kulia, kama mtu anayetafuta jina la mtu katika umati. Sikuona kitu. Nikazungusha tena. Na pale, kulia, chini kabisa, karibu na minara ya simu, ukawapo. Ulikuwa mwembamba mno, umelala chali, mwekundu kidogo kwa vumbi la bara. Sijui kama nimewahi kuufurahia mwezi namna ile hata nilipokuwa msichana. Nikashuka ngazi nimeshika buibui kwa mikono miwili.

"Umeuona?" Fumo alikuwa amesimama katikati ya ukumbi.

"Nimeuona! Kulia, chini sana, umelala chali!"

Aliivuta leso kwa nguvu. Mchoro wake ulikuwa pale: duara la jua, mstari wa nchi, na kikucha chake upande wa kulia, chini, kimelala chali. Fumo alicheka kwa sauti. Akanishika mabega, na kwa muda kidogo nilimwona kijana aliyesimama uani na kuku wakirudi bandani. "Ni kitu kimoja," alikuwa akisema, "ni kitu kimoja, Hadiya, ni kitu kimoja!"

Halafu akaiangalia leso mkononi mwake. Kicheko kikaisha polepole.

"Nani aliyeufunika ubao?"

Nilijua anachouliza kabla hajamaliza. "Mimi," nikasema. "Si uliniambia mwenyewe niufunike?"

"Uliufunika umefumba macho?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka leso, nilikumbuka pembe zake nilivyoziingiza nyuma ya mbao, na mkono wangu ulivyopita juu ya ubao. Macho yangu yalikuwa wapi sikuweza kukumbuka.

"Fumo, nimeuona," nikamwambia. "Kwa macho yangu haya."

"Najua," akasema. "Hata mimi niliuona."

Nikageuka nikapanda ngazi mbio, nikasimama darini nikatazama kulia, karibu na minara ya simu, na mahali pale palikuwa peupe. Ulikuwa umeshazama.